Karata Mbili za Breki

Mkono wa mjane ulikuwa juu ya kopo la biskuti. Mkono wa shemeji yake ulikuwa juu ya mkono wake, umebana. Hapo ndipo mlipokunja gazeti, na najua wapo walionilaani wiki nzima. Haya, likunjueni.

"Niachie," mjane alisema.

"Nikuachie ufanye nini, shemeji?"

"Nizione. Ni za mume wangu."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, msoma mita za maji, hakuachia. Wala hakubana zaidi. Alibaki hivyo hivyo, kama mtu aliyeshika mlango usifunguke na hajui nani yuko upande wa pili.

Kwa yule anayeanza nasi leo, nitasema kwa kifupi. Mama huyu ni fundi wa nguo, na mume wake alikuwa mwalimu wa udereva. Rafiki zake walimwita Breki, kwa sababu hata alipokuwa abiria, hata alipokaa kwenye kiti cha kinyozi, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kila alipoona hatari. Jumapili alasiri, mitambo ikiwa imezimwa, alikuja kwenye chumba hiki cha nyuma ya kiwanda cha uchapaji kucheza poka na wenzake watatu. Jumapili moja alisukuma vifungo vyake vyote katikati ya meza, akatabasamu, akalaza kichwa juu ya mikono kama mtu anayepumzika. Hakukiinua tena.

Vifungo, ndiyo. Hawa hawachezei pesa. Wanachezea vifungo vya nguo.

Mchapaji, mwenye kiwanda, alizikusanya karata za mchezo ule kama zilivyokuwa: tano za mezani, mbili za Breki zikiwa kifudifudi, na pakiti iliyobaki. Akazitia koponi pamoja na vifungo vya marehemu, akafunika. Tangu siku ile hakuna aliyelifungua.

Na mjane anazitakia nini? Siku ya mazishi muuguzi mmoja alimshika bega akampa pole kwa nia njema kabisa. Alisema afadhali walimwambia mumewe mapema kwamba moyo wake hauna muda, angalau alipata nafasi ya kuagana na watu wake. Mjane alimkodolea macho. Nyumbani Breki alikuwa amesema ni kikohozi tu. Alisema daktari amemcheka, amempa dawa ya kulamba.

Na yeye, maisha yake yote ya ndoa, alijisifu mbele ya wanawake wenzake kwamba mume wake hajui kudanganya. Akijaribu, masikio yanamwiva.

Sasa alitaka kujua jambo moja tu. Mtu yule aliyesukuma kila alichokuwa nacho huku anatabasamu, alikuwa na karata, au hakuwa na kitu?

"Shemeji," Mchapaji alimwambia mjane taratibu, "sikiliza. Meza hii haina sheria nyingi. Lakini karata za mtu hazifunuliwi mpaka alipiwe. Yeye aliweka rundo lake. Anayetaka kuziona aweke rundo kama lile. Hatukumlipia siku ile, na hatujamlipia mpaka leo."

"Kwa nini?"

Aliyejibu ni mdogo wa marehemu, na hakujibu akiwa amemtazama yeye.

"Zamu ya kujibu ilikuwa yangu," alisema. "Nilikuwa bado nafikiri."

Akauachia mkono.

Mjane alivuta kiti. Hakuuliza ni cha nani. Kilikuwa na foronya kuukuu iliyokunjwa juu yake, foronya aliyoishona yeye na ambayo iliwahi kumpotea, kwa hiyo alikijua. Akakaa.

"Basi nifundisheni," alisema.

Meno alicheka. Huyu kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, na yake mwenyewe ni mazuri kiasi kwamba watu huyashuku. Alisema poka si darizi, fundi, mtu hajifunzi alasiri moja. Mjane akamjibu kwamba darizi pia hakujifunza alasiri moja, ila suruali ya kwanza aliyoikata ilivaliwa.

"Ilivaliwa na nani?"

"Na mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Sasa gawa."

Hapo hata Mchapaji alitabasamu. Alitoa pakiti mpya, maana ile ya zamani ilikuwa koponi, na akamwaga mezani sufuria la vifungo kila mtu achukue sehemu yake.

Mjane aliviangalia.

Alikuwa anavijua. Hiki cha pembe kilitoka kwenye koti la hakimu mmoja aliyenenepa. Hivi vya bluu ni vya sare za shule iliyofungwa. Breki alikuwa akimwomba vifungo visivyo na wenzake, anasema ni vya kufundishia wanafunzi kupanga magari mezani. Naye alikuwa anamchagulia vizuri vizuri, anamfungia kwenye kitambaa, anamtilia mfukoni.

Ule ulikuwa uongo wa kwanza, na masikio hayakuiva.

Alivipanga mbele yake kwa ukubwa, vya koti upande huu, vya shati upande ule, na Meno akaanza somo.

Kila mchezaji hupewa karata mbili, alisema. Hizo ni siri yako. Unazilaza kifudifudi, unainua ncha kidogo kwa kidole gumba, unaona, unazilaza tena. Usiziinue kama unasoma gazeti. Halafu watu huweka vifungo, au hutupa karata zao na kujitoa. Ndipo zinafunuliwa tatu katikati ya meza, za wote. Watu huweka tena. Inafunuliwa ya nne. Wanaweka tena. Inafunuliwa ya tano, ya mwisho. Kwa mbili zako na zile tano za wote, unatengeneza tano bora kuliko za mwenzako.

"Bora vipi?"

Meno alimpangia mezani. Jozi, yaani mbili zinazofanana. Jozi mbili. Tatu zinazofanana. Kisha tano zinazofuatana kama ngazi. Kisha akachomoa shupaza tano, akazipanga kwa mstari, nyeusi tupu juu ya meza ya mbao.

"Na hizi hapa. Zikiwa tano za namna hii, unaipiga hata ngazi."

Mjane aliziangalia, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nawaomba mkumbuke alivyotikisa kichwa, maana itatuletea mambo.

Walicheza michezo ya kujaribu. Alijitoa mapema kila mara. Alisubiri karata nzuri, na karata nzuri hazikuja, na vifungo vyake vikawa vinapungua kimoja kimoja. Meno akamwambia kwamba akiendelea hivyo atakufa njaa na chakula kiko mezani. Poka haichezwi kwa karata tu. Wakati mwingine huna kitu, lakini unaweka kama mtu aliye nacho, na mwenzako anaogopa, anatupa.

"Hata kama yeye ndiye anazo?"

"Hapo ndipo utamu ulipo."

"Na mume wangu alikuwa anafanya hivyo?"

Swali hilo liliwagawa.

Mchapaji alisema hapana, na alilisema kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Alisema amecheza na Breki tangu walipokuwa hawana mvi, na Breki akiweka, anazo. Yeye mwenyewe ametupa karata nzuri mara nyingi kwa sababu tu Breki ameweka. Duniani, alisema, nilijaliwa rafiki mmoja ambaye neno lake sikulipima.

Meno akapiga meza kofi dogo. Alisema Breki alikuwa mwongo kuliko waongo wote waliowahi kukalia kiti kile, na anasema hivyo kwa mapenzi. Alisema Mchapaji ameibiwa vifungo vya kutosha kushonea nguo za kanisa zima.

"Uliwahi kumlipia ukaona?" Mchapaji akauliza.

"Sikuwahi. Alinitisha kila mara."

"Basi hujui."

"Na wewe hujui."

Mjane aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Watu wawili, meza moja, miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na Breki wake. Wa tatu alikuwa nyumbani kwake. Akamgeukia shemeji yake, ambaye tangu mwanzo alikuwa anachezea kifungo kimoja kati ya vidole.

"Na wewe? Wewe umelala naye kitanda kimoja utotoni."

Shemeji yake alikiweka chini kile kifungo. Ningekuwa pale ningemziba mdomo.

"Kaka alikuwa na ishara," alisema. "Hawa hawajawahi kuiona. Akiwa nazo, ananuna, hasemi na mtu. Akiwa hana kitu, anakuwa mwema. Anakugeuzia feni. Anakuuliza kama umekula. Anakumenyea chungwa. Tangu tukiwa watoto, akivunja kitu cha mama, siku hiyo atateka maji bila kutumwa."

Meno alikuwa anakumbuka machungwa.

Mkono wa mjane ulitoka mezani ukashuka mapajani.

Kwa sababu miezi ile ya mwisho, Breki alikuwa mwema. Hajawahi kuwa mwema namna ile. Aliamka kabla yake akamwashia pasi ya mkaa, kazi aliyoichukia. Alikaa naye chumba cha cherehani jioni, akimtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho ya mjane yalikuwa yameanza kuchoka. Alimkanda miguu. Siku moja alimuuliza, bila sababu yoyote, kama maisha yao yamemtosha, na yeye akamrushia kipande cha kitambaa akimwambia aache utoto. Usiku huo alilala na furaha kama msichana. Alijiambia, uzee wetu utakuwa mtamu.

Sasa alijua ile ilikuwa nini. Mume wake alikuwa hana kitu mkononi, na alikuwa anamgeuzia feni.

"Shemeji, samahani," alisema mdogo wa marehemu. "Sikufikiri."

"Gawa," alisema mjane.

Mchapaji akagawa.

Mjane aliinua ncha kwa kidole gumba kama alivyofundishwa. Tisa ya kopa na nne ya uru. Hazikumwambia kitu, ila hakutaka kujitoa tena. Alitaka kukaa mahali mpaka jambo liishe. Akaweka.

Mezani zikafunuliwa tatu: ghulamu wa kopa, sita ya uru, bibi wa shupaza. Meno akaweka. Shemeji akatupa zake. Mjane akafuata.

Ya nne ikawa mbili ya kopa.

Mjane alitazama meza. Akainua ncha za karata zake, akahakikisha, akalaza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya alasiri ile nzima: akaongeza. Alisukuma vifungo vyote vya shati. Mchapaji aliinua nyusi, lakini akafuata. Meno naye akafuata, akinong'ona kwamba mama ameamka.

Ya tano, kumi ya pau.

Mjane akazungusha mkono nyuma ya vyote vilivyobaki, cha hakimu kikiwemo, akavisukuma katikati.

"Vyote," alisema.

Meno alimtazama usoni. Kazi yake ni vinywa vya watu. Anajua taya linalokaza na linalolegea. Hakuona kukaza. Hakuona pumzi iliyokatika wala jicho lililokimbia. Aliona mwanamke aliyeketi mbele ya vifungo vyake kwa utulivu, kama aliyemaliza pindo na anasubiri mteja aje kuchukua. Mezani kulikuwa na kumi, ghulamu na bibi. Meno akajisemea huyu ana ngazi. Akatupa jozi yake ya mabibi.

Mchapaji alikuwa na jozi mbili. Alizipapasa muda mrefu.

"Una uso wa mumeo," alisema mwishowe. Akatupa.

Rundo likawa la mjane, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kitu kama tabasamu kilimpitia. Akafunua karata zake mwenyewe, bila kuombwa, akazisogeza karibu na zile za mezani kwa fahari.

"Tano," alisema. "Nyekundu tupu. Hii, hii, na hizi tatu."

Mchapaji aliinama kuzitazama karata.

Kisha Meno akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala juu ya meza, akacheka mpaka Mchapaji naye akashindwa. Mjane aliwauliza kuna nini. Shemeji yake ndiye aliyemweleza, kwa upole, kwamba kopa ni kopa na uru ni uru. Si wekundu unaotakiwa, ni alama. Hizi zina umbo la moyo, hizi zina umbo la almasi. Hazichanganywi.

"Lakini zinalingana kabisa," alisema mjane. "Uzi ni uleule."

Mtu aliyeshinda maisha yake akitafuta uzi unaolingana na kitambaa, umbo la kifungo kwake si kitu. Rangi ikikaa, kazi imekaa. Alipopangiwa zile shupaza tano aliona weusi tu. Hakuwa na jozi. Hakuwa na ngazi. Alikuwa hana kitu kabisa, na amewafukuza wanaume wawili wenye karata.

Meno alijifuta machozi, kicheko kikaisha taratibu, akabaki anamtazama.

"Nimekusoma uso wote, fundi," alisema. "Sikuona uongo, kwa sababu haukuwepo. Uliamini."

"Kwa hiyo mtu akiamini mwenyewe, hasomeki?"

"Nani atamsoma?"

Mjane alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Labda Breki aliamini. Labda daktari alisema hivi, naye akasikia vile, kama yeye alivyoona nyekundu. Labda alikanda miguu kwa sababu alitaka tu kukanda miguu. Lilikuwa tumaini dogo, lakini mwenye njaa haulizi ukubwa wa tonge.

Alisimama akachukua kikombe cha bati, kile walichopimia rundo la Breki, akakijaza vifungo. Kilijaa, vingine vikadondoka sakafuni.

"Namlipia," alisema.

Hakuna aliyebisha. Shemeji yake aliinuka akaenda kusimama nyuma ya kiti, kama mtu anayempisha mgonjwa. Mchapaji alifungua kopo kwa ncha ya bisibisi. Alizipanga zile tano za mezani kama zilivyokuwa siku ile: ree ya pau, mfalme wa pau, nane ya kopa, tisa ya pau, nne ya uru. Akazisogeza zile mbili mbele ya mjane, kifudifudi, akaondoa mkono haraka.

"Pau tatu mezani," alisema Mchapaji. "Alikuwa na pau mbili mkononi, zikatimia tano. Nimesema siku zote. Alikuwa nazo."

"Aliyelipia ndiye anayeona," alisema Meno, safari hii bila utani.

Mjane aliziinua ncha.

Mbili ya uru. Saba ya shupaza.

Hata yeye aliyejifunza leo asingezikosea. Hazikuwa na jozi, hazikuwa na ngazi, hazikuwa na pau hata moja. Zilikuwa karata ambazo mtu huzitupa bila kufikiri. Na mumewe alizitazama karata hizi, akajua ni nini, akasukuma vyote, akatabasamu.

Basi alijua. Alijua siku ya pasi, alijua siku ya sindano, alijua alipouliza kama maisha yamemtosha. Lile swali lilikuwa swali kweli, na yeye alimrushia kitambaa.

Ndani ya kifua chake kitu kilikatika kama uzi uliovutwa kupita kiasi. Machozi yalikuja mpaka mlangoni. Akainua macho ili yasimwagike, na hapo akauona uso wa Mchapaji.

Mzee yule alikuwa ameshika ukingo wa meza. Rafiki mmoja ambaye neno lake sikulipima, alikuwa amesema, na sasa alikuwa anasubiri kuambiwa kama alikuwa naye au hakuwa naye.

Mjane akazilaza karata.

"Alikuwa nazo," alisema.

"Pau?"

"Pau zote mbili."

Akazichukua pamoja na zile tano, akazichomeka kwenye pakiti ya zamani, akachanganya. Akachanganya tena. Akakata, akachanganya. Sasa hakuna mwanadamu ambaye angeweza kusema zilikuwa zipi.

Mchapaji alifunika uso kwa mikono yake yenye wino, akalia kama mtu aliyetua mzigo. Meno hakulia vile. Alikaa kitako, amepauka, akasema polepole kwamba alimwita mtu yule mwongo kila Jumapili ya Mungu, hata Jumapili ile, na sasa atamwomba nani radhi. Mjane alimsikia. Uongo mmoja ulikuwa umempoza huyu na kumchoma yule, na haukuwa na njia ya kurudi. Hivi ndivyo ulivyoishi nao, mume wangu, aliwaza. Ukanitazama nalala.

Simu ya shemeji yake ikalia. Alitoka nayo kwenye ukumbi wa mitambo, na aliporudi alimwita mjane kwa kidole. Walisimama kati ya marundo ya karatasi nyeupe.

"Wifi yako amepiga," alisema. "Wako nyumbani kwako. Amemleta mama."

Mjane aliegemea rundo la karatasi. Mama mkwe. Bibi kizee aliyekuwa amelazwa mbali siku ya mazishi, mwenye moyo uleule mbovu aliomrithisha mwanawe. Familia iliketi ikakubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu, na mpaka leo hakuna aliyemwambia.

"Amekataa kula," aliendelea shemeji yake. "Anasema hatakula mpaka amwone mwanawe. Wifi ameshindwa. Daktari anasema mshtuko wowote unaweza kumwondoa. Nenda wewe, shemeji. Umwambie yuko safari, japo siku hizi chache."

"Kwa nini mimi? Ni mama yako."

"Mimi akinitazama tu atajua." Akashusha sauti. "Na wewe, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliziona. Mbili na saba."

Shemeji yake hakumlaumu. Alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi.

"Umewafunga watu wawili waliocheza maisha yao yote," alisema. "Mfunge na mama. Tafadhali."

Njia nzima mjane aliutengeneza uso wake. Alilegeza taya. Alipanga pumzi. Alipanga maneno: mwanao amepeleka wanafunzi wa udereva kwenye mtihani, mji wa mbali, gari limeharibika, anakusalimu. Aliyarudia mpaka yakalainika, mpaka akakaribia kuyaamini, na alipofika kwenye ngazi za nyumba yake hapakuwa na mtu ambaye angemsoma.

Wifi yake alimfungulia mlango akiwa hana rangi. Akataka kusema kitu, mjane akampita.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na cherehani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, mikono imelala kwenye magoti. Aligeuza kichwa kuelekea nyayo. Kwanza kilipita kidogo mahali mjane aliposimama, kisha kikarudi. Hapo mjane akaona kilichokuwa kinataka kusemwa na wifi yake mlangoni. Macho ya mzee yalikuwa meupe, yamefungwa na ukungu kabisa. Alikuwa haoni tena, na wifi peke yake ndiye aliyejua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Njoo hapa."

Alikwenda, akapiga magoti. Ule uso alioutengeneza njia nzima ulikuwa juu yake, mtulivu, hauna kasoro hata moja, na haukuwa na wa kuutazama.

"Mwanao hajambo, mama. Amesafiri. Amepeleka wanafunzi—"

Mzee alinyoosha mkono akampapasa begani, kwenye shingo, akashuka mpaka kwenye viganja. Akavishika vyote viwili, ambavyo mjane hakuvitengeneza njiani. Aliinamisha kichwa, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Mkwe wangu," alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nimezaa tisa, nimezika wanne. Hakuna haja ya kunificha. Mwanangu alikufa lini?"